Watazamaji Wana Haki ya Kuagwa

Kipindi kipya cha televisheni huzaliwa kwa vigelegele. Majuma kadhaa kabla ya siku yake hutangazwa asubuhi, mchana na usiku, na wananchi huhimizwa wasikose. Lakini siku kipindi hicho kinapoondolewa, aghalabu hapana neno linalosemwa. Mtazamaji huketi mbele ya chombo chake saa ile ile aliyoizoea, akakuta muziki au tangazo la sabuni. Hungoja juma la pili, hungoja la tatu, kisha hutambua mwenyewe kwamba alichokipenda kimekwisha kuzikwa bila matanga.

Hatusemi kwamba kila kipindi kiishi milele. Kituo cha binafsi huendeshwa kwa fedha za wafanyabiashara wanaotangaza bidhaa zao, na mchezo usiowavutia hauwezi kuwalipa waigizaji wala mafundi wake. Kituo cha umma nacho hutegemea fungu la Serikali, na fungu hilo lina wadai wengi, zikiwamo zahanati na shule. Kukata kipindi ni haki ya mwenye kituo. Ugomvi wetu ni juu ya namna ya kukata, kwa maana mawimbi yanayobeba picha hizo ni mali ya taifa, na mwenye leseni ni mpangaji tu.

Nchi zilizotutangulia katika kazi hii zimekwisha kutuonyesha njia njema na njia mbaya. Mwaka 1968, nchini Marekani, zilipoenea habari kwamba kituo cha NBC kilitaka kuufuta mfululizo wa Star Trek, watazamaji walikimiminia barua kwa maelfu. Mwezi Machi mwaka huo kituo kikatangaza hewani kwamba mfululizo ungeendelea. Watu wakashangilia. Kumbe uliendelea kwa kuhamishiwa siku ya Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana walioupenda wengi wao wako matembezini. Mwaka 1969 ukafutwa kwa sababu ya uchache wa watazamaji. Mwaka 1975 kituo cha CBS kiliukata mfululizo wa Gunsmoke uliokuwa umedumu miaka 20, na haukupewa sehemu ya mwisho ya kuwaaga wapenzi wake. Lakini ni kituo hicho hicho cha CBS ambacho tarehe 28 Februari 1983 kiliufunga mfululizo wa M*A*S*H kwa onyesho la saa mbili na nusu, nalo likatazamwa na watu zaidi ya milioni 100. Ni dhahiri basi kwamba kuaga hakumpotezei mwenye kituo. Aliyeaga vizuri alipata faida na heshima pamoja.

Hapa kwetu kisa kikubwa kuliko vyote hakikuhusu mchezo wa kuigiza. Tarehe 27 Januari 2016, aliyekuwa Waziri mwenye dhamana ya habari, Ndugu Nape Nnauye, aliliarifu Bunge mjini Dodoma kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, halingeendelea kurusha moja kwa moja mikutano yote ya Bunge kama ilivyozoeleka. Sababu iliyotajwa ni gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake kungekuwa na kipindi cha kurekodiwa, kiitwacho Leo katika Bunge, kuanzia saa nne hadi saa tano usiku. Wabunge wa upinzani walipinga vikali, na siku hiyo polisi waliingia ukumbini kuwatoa.

Tuseme la haki. Tangazo lile lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa na sababu, lilikuwa na hesabu, na lilitaja kitakachoshika nafasi ya kilichoondolewa. Vituo vingi vya binafsi havijapata kuwapa watazamaji wao hata robo ya maelezo hayo. Lakini palikosekana mambo mawili. La kwanza ni muda, kwa kuwa mabadiliko yalianza katika mkutano ule ule yalimotangazwa. La pili ni kuulizwa. Mwananchi, ambaye ndiye mlipa kodi na ndiye mpiga kura, aliarifiwa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Kukosa kuulizwa huko kuna madhara yanayoonekana wazi zaidi visiwani kuliko mijini. Serikali ilieleza kwamba mchana ni saa za kazi, na kwamba usiku watu wengi wangekuwa na nafasi ya kutazama. Hoja hiyo inamfaa karani wa Mwanza mjini. Haimfai mvuvi wa dagaa wa Ukara, Irugwa au Kome. Katika siku za giza, saa nne usiku yeye yuko majini na taa zake. Hurudi mwaloni alfajiri, dagaa wakashushwa na kuanikwa, naye akalala kidogo. Mchana ndipo anapoketi kushona nyavu, na ndipo anapoweza kusogea kwenye banda lenye televisheni akamsikiliza mbunge wake. Saa iliyochaguliwa kwa nia ya kumfikia kila mtu ikawa ndiyo saa ambayo yeye hayupo nchi kavu. Haya yangejulikana kwa kuwauliza watu wa mwalo mmoja tu.

Wala asidhani mtu kwamba mvuvi hutazama Bunge kwa kupoteza wakati. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikielekea gatini, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Aliyekuwa Mbunge wa Ukerewe, Ndugu Joseph Mkundi, alikuwa amekwisha kulisemea suala la kivuko hicho bungeni kabla ya msiba. Hatusemi kwamba televisheni ingezuia ajali. Tunasema kwamba kwa mtu wa kisiwani, ambaye barabara yake ni maji, swali la mbunge juu ya kivuko na jibu la waziri ni habari za uhai wake. Anayo haki ya kuzisikia kwa masikio yake, katika saa anayoweza, ili naye ajue nani aliahidi nini.

Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2018 lilitokea jingine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyaagiza makampuni ya ving'amuzi vya kulipia yaache kubeba vituo vya ndani ambavyo kwa leseni zake vilipaswa kutazamwa bure. Vituo kama ITV, Channel Ten na Star TV, ambayo ni ya hapa hapa Mwanza, vikatoweka kwenye ving'amuzi hivyo. Yawezekana sheria ilikuwa upande wa Mamlaka, maana si haki kituo cha bure kiuzwe. Lakini mahali ambapo mnara wa nchi kavu haufiki vizuri, watu hununua dishi kwa sababu hawana njia nyingine. Kwao, agizo la kuwalinda wasilipishwe liliwanyima hata kile walichokuwa tayari kukilipia. Hapo pia palihitajiwa muda, maelezo na njia mbadala kabla ya picha kuzimika.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu ya mkononi imeumaliza ugomvi huu, kwa kuwa kila kilichokatwa hupatikana kwenye intaneti. Jibu letu ni fupi. Bando hununuliwa kwa fedha, na mtandao wa visiwani una siku zake. Tena kilichokatwa kimya kimya hakitafutwi, kwa kuwa mtu hajui kilikokwenda.

Mila zetu zina la kutufunza hapa. Hapa Kisesa, katika viwanja vya Bujora, sikukuu ya Bulabo huwakutanisha wachezaji wa Bagika na Bagalu kila mwaka. Ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja, na ile inayovuta umati mkubwa zaidi ndiyo mshindi. Anayeshindwa hushindwa hadharani, mbele ya watu wote, kwa sababu inayoonekana kwa macho. Hapana mtu anayekuja usiku kuwanyang'anya ngoma zao, kisha asubuhi watu wakakuta uwanja mtupu. Ndiyo maana aliyeshindwa hurudi mwaka ujao amejifua zaidi, na watazamaji hawana kinyongo. Kama wazee wetu waliweza kuyaweka wazi mashindano ya ngoma, vituo vyenye mitambo ya kisasa havina udhuru wa kuficha.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu kwa wahusika. Kwanza, kituo chochote kinachokusudia kuondoa kipindi cha kudumu, au kukihamishia saa nyingine, kitangaze nia hiyo hewani siku 30 kabla, tena katika saa ya kipindi chenyewe, ambapo wenye haja ndipo walipo. Pili, sababu ya kweli itajwe, na kwa kituo cha umma itajwe pamoja na hesabu yake. Tatu, mchezo wenye hadithi inayoendelea upewe japo sehemu moja ya kuifunga, na kama fedha zimekwisha, basi mtangazaji asimame aeleze hadithi ilikuwa inaishia wapi. Nne, kanda za vipindi zitunzwe, zisifutwe ili kupata nafasi ya vingine, kwa maana hizo ni kumbukumbu za lugha na maisha yetu. Tano, kabla ya kubadilisha matangazo yanayohusu shughuli za Serikali na Bunge, wananchi waulizwe, wakiwamo wa visiwani. Njia ziko tayari, kwani halmashauri za wilaya zipo, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.

Mambo haya hayahitaji mabilioni. Yanahitaji TCRA iyaandike katika masharti ya leseni, na yanahitaji wakurugenzi wa vituo wakumbuke kwamba mtazamaji ni mtu. Kwa upande wao, wananchi wa visiwani wasikae kimya. Waandike barua na wawatume madiwani wao, waeleze saa zao za kazi na saa zao za mapumziko. Ofisi ya mjini haiwezi kuyajua maisha ya mwaloni isipoambiwa.

Mgeni hukaribishwa, na akiondoka husindikizwa. Kipindi kilichoingia nyumbani mwa mtu miaka mitano, kikala naye na kucheka naye, hakistahili kutoka kama mwizi.