Kutu Haina Habari na Theluji

Juzi, kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam, fundi alinitazama kwa huruma kama mshamba aliyeshuka basi asubuhi ile. "Bosi, kulanti ni ya Wazungu wenye theluji. Hapa joto tupu, wewe tia maji." Wateja kwenye benchi wakaitikia kwa vichwa: fundi kasema. Nimekaa na hasira siku tatu.

Nani aliwaambia kazi ya kulanti ni theluji tu? Mna dawa ya kutu mle, na kutu haina habari na theluji. Kutu inapenda joto na chumvi. Nasi tunaijazia rejeta maji ya kisima ambayo hata chai yake hainyweki, kisha tunaiombea injini maisha marefu! Na hilo joto mnalolitaja ndilo linalowasuta: maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100, ila ukichanganya nusu kwa nusu na kulanti, yanafika 107 hivi.

"Mbona babu aliendesha Land Rover miaka thelathini kwa maji ya mto?" Hongera kwa babu. Land Rover yake ilikuwa na injini ya chuma cha kusubu na rejeta ya shaba. Gari lako la IST ni alumini mpaka bloku. Ukitaka maji ya babu, nunua gari la babu.

Mimi nililipa ada yangu kwenye mlima wa Kitonga. Rejeta imejaa maji ya bomba, thamostati imeng'olewa "ili injini ipoe". Katikati ya mlima, mshale wa joto ukapanda kuliko gari. Injini ilipofunguliwa, gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, njia za maji zimejaa tope la rangi ya kahawa. Kwa bei niliyolipa, ningenunua kulanti mpaka nistaafu.

Lakini mwambie mtu anunue kulanti, atalia hali ngumu. Huyo huyo kafunga spika za kutikisa mtaa na taa za buluu za kutupofusha usiku. Wengine wananunua maji ya kijani barabarani, wakidhani rangi ndiyo dawa.

Nyuma ya gereji ya yule fundi kuna gari juu ya mawe, boneti wazi, kuku wamelala ndani. Nikauliza la nani.

"Langu, bosi. Lilichemsha tu."