Askari Asiyepiga Bunduki

Mwenzangu mmoja bwenini alinicheka niliposema nataka kuwa askari wa ushirikiano na raia. "Askari gani huyo asiyepiga bunduki?" aliuliza. Naomba nafasi nimjibu.

Machi 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ipigane na waasi mashariki ya Kongo. Kufika Novemba, M23 walikuwa wameshindwa. Lakini Januari 2025 waliuteka tena mji wa Goma. Bunduki ilishinda vita, haikuleta amani.

Maafisa wa ushirikiano huwasikiliza wazee, hupanga matibabu, hutembelea shule. Askari wetu huko Beni walisema na watu kwa Kiswahili, bila mkalimani. Raia anayemwamini askari humwonya mapema. Wala kazi hiyo si mchezo: Desemba 2017 askari wetu zaidi ya 10 waliuawa kambini Semuliki.

Sisi wa Shinyanga na Geita twajua: penye dhahabu, mlinzi asiyesema na wanakijiji hupata mawe, hapati habari.

Basi, mwenzangu, huyo si askari?