Kolwezi: hospitali ya serikali inamwona mgonjwa, haioni vidonge alivyomeza

Gunia la kobalti likitoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, karatasi zinalifuata njia nzima. Linapimwa, linachukuliwa sampuli, linatiwa muhuri, na tangu Oktoba 2025 kila kampuni ina kiwango chake cha kuuza nje, kinachosimamiwa na ARECOMS. Lakini kopo la vidonge vya tramadol likishuka kwenye gari na kuingia farmasi ya mtaa, hakuna daftari la serikali linaloonyesha limeishia mikononi mwa nani.

Pengo hilo linaonekana vizuri zaidi usiku, kwenye mapokezi ya hospitali ya serikali kama Mwangeji. Chukua mfano wa kijana aliyeletwa kutoka machimbo ya Kasulo au Musonoi akiwa na degedege. Wenzake wanasema alikuwa mzima, alianguka tu. Daktari anawaza malaria ya ubongo, anawaza kifafa, anawaza jeraha la kichwa. Tramadol ikizidi kipimo inaleta degedege hilohilo, na ikichanganywa na diazepamu au pombe kali inaweza kuzima pumzi. Daktari akimpa mgonjwa wa namna hiyo diazepamu kutuliza degedege, kama anavyofundishwa, anaweza kuongeza hatari bila kujua. Swali lake ni moja: huyu amemeza nini tangu juzi? Hakuna mahali pa kuangalia.

Huko Marekani mahali hapo papo. Kila jimbo lina kanzidata yake: mfamasia akitoa dawa kali ya maumivu au ya usingizi, anaandika jina la mgonjwa, dawa, idadi ya vidonge na daktari aliyetoa ordonansi. Daktari mwingine, hata katika hospitali ya umma, anafungua kompyuta na kuona yote kabla ya kuandika ordonansi mpya. California ilianza mwaka 1939, kwa karatasi. Missouri ndiyo iliyokuwa ya mwisho, sheria yake ikasainiwa mwaka 2021. Ifahamike pia kwamba mwaka huohuo wa 2021 Marekani ilizika watu zaidi ya 100,000 waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, wengi kwa fentanili ya magendo, ambayo haipiti farmasi wala haiandikwi popote. Kanzidata inaona kinachopita mlangoni tu.

Congo mlango wenyewe ni mpana. Sheria ipo: ile namba 18/035 ya Desemba 2018 inapanga mambo ya afya ya umma. Mamlaka ya kusimamia dawa, ACOREP, nayo ipo. Zoni za afya zinatuma ripoti kila mwezi katika mfumo wa DHIS2, na mtu aliye Kinshasa anaweza kusoma idadi ya malaria au ya uzazi wa zoni ya Dilala au Manika. Lakini hizo ni jumla. Hazina mgonjwa mmojammoja, hazina ordonansi, na muuzaji wa dawa anayefungua kibanda chake karibu na machimbo hatumi ripoti yoyote. Mtu akitaka tramadol hahitaji kumdanganya daktari, anahitaji noti tu. Ndiyo maana kuichukua programu ya Marekani na kuisimika Kolwezi kesho kungezaa daftari safi la wagonjwa wachache wanaofuata njia halali, huku wengine wote wakibaki gizani.

Mashariki mwa nchi tayari tuna somo lililolipiwa kwa bei kubwa. Kuanzia Desemba 2014 huko Ituri, upande wa Aru na Adi, watu walianza kufika hospitalini shingo zimepinda, ulimi umetoka nje, uso umekakamaa. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kwa jumla wagonjwa walipita 1,000. Vidonge vya manjano vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilipofika maabara, vilikutwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, tena kwa kipimo kikubwa. OMS ilitoa tahadhari katikati ya mwaka 2015. Diazepamu kwa kawaida ni dawa ya ordonansi. Kama kila farmasi na kila kituo cha afya kingekuwa kinaandika tu kopo gani kimenunua, kwa nani, na kimempa nani, mtu angeweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa mwenye mzigo katika wiki chache. Badala yake ilibidi kuuliza mgonjwa alimeza nini.

Somo la Ituri linageuza mpangilio wa kazi. Kinachopaswa kutangulia ni daftari la dawa, la mgonjwa lije baadaye: nani kaingiza, nani kauza kwa jumla, farmasi ipi imepokea. India, ambako tramadol nyingi ya Afrika inatengenezwa, iliibana chini ya sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2018. Dunia yenyewe imesita. Tramadol haimo katika mikataba ya Umoja wa Mataifa, na sababu si uzembe: wataalamu wa OMS waliogopa kwamba ikifungwa sana, hospitali za nchi maskini zitabaki bila dawa ya maumivu.

Hofu hiyo inaihusu Kolwezi moja kwa moja. Juni 2019 ardhi iliporomoka katika machimbo ya KOV na watu zaidi ya 30 wakafa. Majeruhi wa ajali kama hizo wanahitaji dawa kali, tena saa ileile. Daktari anayeogopa kwamba kila kidonge atakachoandika kitamletea wakaguzi, ataandika parasetamoli na kunyamaza. Uganda iliona mtego huo mapema. Morfini ya maji inatolewa huko tangu 1993, ikiandikwa chupa kwa chupa, na tangu 2004 hata wauguzi waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Udhibiti wao ulikuja pamoja na ruhusa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Katika mji ambao ajira inapitia uchunguzi wa afya wa kampuni, jina lililoandikwa kwenye kanzidata ya dawa kali linaweza kumnyima mtu kazi. Dereva wa lori mwenye mgongo mbovu anayetumia tramadol kihalali ataonekana kama mlevi. Na creuseur anayeimeza ili amalize zamu shimoni, si kwa starehe, ataacha kabisa kukanyaga hospitali akisikia kwamba jina lake linabaki huko. Kanuni ya Kidijitali ya Machi 2023 inalinda data za mtu binafsi, lakini kwenye karatasi tu hadi ijulikane ni nani mwenye nywila, nani anakataliwa, na nani anaadhibiwa akiuza orodha. Polisi na mwajiri wakipewa ufunguo sawa na daktari, mfumo umekufa kabla ya kuanza.

Fedha si kisingizio katika jimbo hili. Kanuni ya Madini ya 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya jamii, na jimbo lina fungu lake la robo katika mrabaha. Rejista ya stoki ya dawa kumi tu, tramadol na diazepamu zikiwemo, kati ya hospitali za serikali, hospitali ya Gécamines na farmasi zenye leseni za mji, ni gharama ndogo ukilinganisha na jengo moja la ofisi. Inaweza kuanza kwa karatasi, kama California. Kabla ya hapo, kuna kazi isiyohitaji kompyuta wala wafadhili: ACOREP na wakaguzi wa jimbo wabandike ukutani orodha ya farmasi zenye leseni Kolwezi, ili mnunuzi, muuguzi na polisi wajue ipi ni ipi.