Nyoka wa Kwenye Kikombe Hana Jina

Watu wangu wa Kibarani, hizi video za kusoma majani ya chai mnazonitumia nimeziona. Eti ndege ni habari njema, nyoka ni adui. Sawa, burudani. Lakini adui nani? Majani hayataji jina. Jina analitoa anayesoma.

Na hapo ndipo nakataa, kwa sababu Kilifi hii alama tunazisoma tangu zamani, kwa ramli na mburuga, na tunajua zinaishia wapi. Mtoto anaugua, familia inaenda kwa mganga, inarudi na jina la babu. Ushahidi? Mvi na macho mekundu. Jamani, mvi ni umri! Macho ni moshi wa kuni! Halafu ukichimba kidogo, mara nyingi unakuta babu ana shamba, na kuna mtu amechoka kulingoja.

Wazee wameuawa hivyo. Wengine wamekimbilia Kaya Godhoma kule Ganze, wakiwakimbia watoto wao wa kuwazaa.

Usiniambie ni mila. Kumheshimu mzee pia ni mila, mbona hiyo hatuing'ang'anii? Na Sheria ya Uchawi ya 1925 bado ipo: kumzushia mtu mtaani kuwa ni mchawi ni kosa.

Kwa hiyo soma kikombe chako ukitaka. Ukiona nyoka, osha kikombe. Lakini ukisikia mzee ametajwa, nenda kwa chifu au polisi siku hiyo hiyo. Panga halingoji kesho.