Kunyamaza si Kukataa

Serikali ya mji huchukua fedha za raia kwa milango miwili. Mmoja huitwa kodi, na wa pili huitwa ada: ada ya maji, ya taka, na mengineyo. Majina ni mawili, lakini mfuko utokao fedha ni mmoja.

Watu wa jimbo la California, Marekani, waliliona jambo hili. Mwaka 1978 walipiga kura wakaiwekea mpaka kodi ya nyumba na ardhi. Miji mingi, ilipofungiwa mlango wa kodi, ikaugeukia mlango wa ada. Ndipo tarehe 5 Novemba 1996 wapiga kura wakapitisha Pendekezo Nambari 218, likaingia katika katiba ya jimbo. Yasema kuwa ada atozwayo mwenye milki isizidi gharama ya huduma apewayo, wala fedha zake zisitumiwe kwa kazi nyingine. Wenye milki wapelekewe barua, na siku zisizopungua 45 zipite kabla baraza halijakaa kuwasikiliza. Kisha ada haiongezwi ila kwa kura: ama zaidi ya nusu ya wenye milki waridhie, ama thuluthi mbili za wapiga kura wa mahali hapo.

Lakini ada za maji, za maji machafu na za taka, ambazo ndizo zigusazo kila nyumba, hazimo katika kura hiyo. Hizo huzuiwa kwa barua za kupinga tu, nazo sharti zizidi nusu ya viwanja. Tuseme pana viwanja 1,000: barua 501 zaizuia ada. Zikija 400, wale 600 walionyamaza huhesabiwa kuwa wameridhia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika jambo hili kimya hakina mshindo wowote.

Wala haifai kukataa kila nyongeza kwa ubishi. Bomba lililooza halitengenezwi kwa neno la hapana. Lipasalo ni kuuliza: gharama ni kiasi gani, na fedha zitakwenda wapi?

Basi popote tukaapo, nanyi vijana mliosoma, msiiache barua ya baraza ilale kabatini. Wasomeeni wazee wenu, mshauriane, kisha mjibu kabla siku hazijapita. Haki ya kuulizwa ni amana. Asiyejibu ameipoteza kwa mkono wake mwenyewe.