Mnunuzi wa mpunga kutoka Rwanda siyo adui yetu

Makamanda, nimeona wengi wetu mtandaoni tunalipigia makofi Agizo la Waziri Jafo la Julai 2025, lile linalowapiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15. Eti hatimaye serikali imemkumbuka mzawa. Jamani, tusome kwanza ndo tushangilie.

Kwenye orodha ile, pamoja na miamala ya simu, saluni na uchimbaji mdogo wa madini, kuna kununua mazao shambani. Hapo ndipo Shinyanga inapoumia. Mchele wa Kahama unaliwa mpaka Rwanda na Burundi. Mnunuzi kutoka ng'ambo ya Rusumo akifika kijijini, mkulima anapata mtu wa pili wa kupatana naye bei. Mwondoe huyo, anabaki dalali peke yake, na bei anapanga yeye. Sasa mzawa gani amelindwa hapo, mwenye jembe au mwenye mzani?

Na adhabu haiishii kwa mgeni. Yeye ni faini kuanzia milioni 10 au jela hadi miezi 6. Mtanzania atakayemsaidia ni milioni 5 au miezi 3. Yaani kijana wa Kagongwa anayemtembeza mnunuzi vijijini ili apate hela ya kula, naye ni mhalifu.

Najua jibu lenu: "Mbona Kariakoo wageni wanauza hadi rejareja?" Sawa, hilo lishughulikiwe. Lakini Mchina wa Kariakoo hatuna naye soko la pamoja. Mnyarwanda, Mrundi na Mkenya tunalo. Itifaki ilianza kutumika Julai 2010, na Ibara ya 13 inazungumzia haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli zake kwa mwenzake. Kama tunataka kupunguza haki hiyo, tukae mezani Arusha na wenzetu. Huwezi kuifuta kwa tangazo la waziri, ukawatia wote kapu moja.

Mwaka 2016 Magufuli na Kagame walizindua kituo cha pamoja cha forodha Rusumo ili lori lisisimamishwe mara mbili. Lori limefunguliwa njia, mtu anafungiwa. Na majirani wakitujibu hivyo hivyo, wa kwanza kulia ni mfanyabiashara wetu wa Kahama anayepeleka mchele kwao.

Tufanye nini? Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka sheria au agizo kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, ndani ya miezi 2. Njia hiyo tunaijua: Machi 2022 mahakama hiyo ilisema vifungu vya marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa vinavunja Mkataba, na miongoni mwa waliofungua kesi walikuwemo viongozi wa upinzani.

Walienda Arusha kutetea vyama. Naomba kurugenzi yetu ya sheria iende safari hii kumtetea mkulima wa mpunga. Miezi 2 siyo mingi.