Kosa la Babu

Mtoto akianguka kifafa huku kwetu bonde la Kilombero, wako ndugu wanaokimbilia kwanza kwa mganga wa kupandisha pepo. Ngoma hupigwa, mganga akatetemeka, sauti ikageuka: ni baba mzaa babu, amerudi ndani ya kitukuu kudai kosa la zamani. Na kosa halikosi kupatikana. Ukoo gani usio na deni?

Mbona mzee huyo hakumbuki kamwe degedege la malaria lililomshika mtoto akiwa mchanga? Mbona hataji nzi weusi wa usubi, wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi ya milima ya Mahenge? Wataalamu wameona kwamba usubi ulipokithiri, kifafa nacho ni kingi. Huko huko Mahenge, Dakta Louise Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na wengi walitulia kwa vidonge vya fenobabitoni. Lakini ni vya kumeza kila siku. Mganga akiamuru viachwe ghafla ili babu asikasirike, mtoto aweza kuanguka mfululizo hata afe.

Nami nisijitoe. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliangukia moto jikoni. Tuliogopa povu la mdomoni mwake, kana kwamba kifafa huambukiza. Hakiambukizi. Aliyemvuta ni mpishi, asiyejua kusoma. Sisi walimu tulisimama mlangoni, na mkono ulikwisha kuungua hadi kiwikoni.